Mfuko wa Mmarekani, Meza ya Mfaransa



Mwezi Novemba 1948 Wamarekani wawili waliingia Ufaransa. Hawakujuana, na hakuna kati yao aliyekuwa na jina. Wa kwanza alishuka melini bandari ya Le Havre tarehe 3. Alikuwa mwanamke wa miaka 36, mrefu kuwapita wanaume wengi, mtoto wa familia yenye nafasi ya Pasadena, California, akifuatana na mumewe aliyepewa kazi katika idara ya habari ya serikali ya Marekani mjini Paris. Gari lao, Buick ya buluu, lilikuja nao melini. Wa pili alitua Paris kwa ndege tarehe 11: kijana mweusi wa miaka 24 kutoka Harlem, New York, aliyelelewa na baba wa kambo mhubiri, mfukoni ana dola 40 hivi. Mwanamke ni Julia Child. Kijana ni James Baldwin.

Nimewachagua hawa kwa sababu kila mmoja alituandikia Ufaransa yake, na ukizisoma Ufaransa hizo mbili kwa mfululizo utaapa kwamba ni nchi mbili mbalimbali. Mji ni ule ule, miaka ni ile ile, hata mitaa inakaribiana. Ninalotaka kulisema jioni hii ni kwamba Mmarekani anapokueleza Wafaransa wakoje, usikimbilie kuwatazama Wafaransa. Mpekue kwanza msemaji. Ana kiasi gani mfukoni, na huko alikotoka alikuwa amenyimwa nini?

Tuanze na mwenye gari. Mchana wa siku ile ile ya kushuka, Julia na mumewe Paul walisimama Rouen wakaingia La Couronne, mkahawa wa siku nyingi. Walianza na chaza, wakaletewa samaki bapa aitwaye sole aliyekaangwa kwa siagi, kisha saladi, kisha jibini laini, kisha kahawa, na divai nyeupe ikisindikiza yote hayo. Divai, mchana kweupe! Maisha yake yote Julia aliuhesabu mlo ule kuwa ndio uliomfumbua macho, na nyakati zote alipousimulia, siagi ilizidi kunukia.

Msidhani Ufaransa ya wakati ule ilikuwa imeshiba. Vita vilikuwa na miaka mitatu tu tangu viishe. Makaa ya kupashia nyumba joto yalikuwa ya kutafutwa, na mkate wenyewe uligawiwa kwa kadi mpaka mapema mwaka 1949. Meza ya La Couronne ilikuwa karibu na Julia kwa sababu Paul alilipwa kwa dola. Nasema hivi bila kumbeza. Wako wengi waliolipwa kwa dola na hawakujifunza hata kukoroga yai. Yeye alijifunza. Walipanga nyumba namba 81 rue de l'Université, akawa anakwenda sokoni rue de Bourgogne kila siku, na huko wauza mboga wakawa walimu wake wa kwanza. Anasimulia juu ya mwanamke wa duka la maziwa aliyemuuliza, kila aliponunua jibini ya camembert, kama ni ya kuliwa mchana, au usiku, au kesho. Halafu akazikagua moja moja mpaka akampa ile itakayokuwa imeiva saa hiyo hiyo iliyotajwa. Mtu anayeuziwa namna hiyo hawezi tena kununua jibini kwa kuitoa friji ya duka kubwa na kuitupa kwenye toroli.

Mwaka 1949 aliingia shule ya upishi ya Le Cordon Bleu. Darasa la akina mama wa nyumbani lilimchosha, akahamia la wanaume kumi na mmoja, wote askari wa Marekani waliorudi kutoka vitani na kulipiwa masomo na serikali yao. Mwalimu wao, Max Bugnard, alikuwa mzee wa miaka ya sabini aliyewahi kufanya kazi na Escoffier, mpishi mashuhuri wa Kifaransa. Kutoka hapo kilizaliwa kitabu alichokiandika pamoja na wanawake wawili wa Kifaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle, kikachapwa New York mwaka 1961, zaidi ya kurasa 700, na miaka miwili baadaye kipindi cha televisheni kilichomfanya Mmarekani wa kawaida aone kwamba mchuzi wa Kifaransa hauna uchawi. Hayo yanajulikana sana, na sitakaa nayo.

Nataka kukaa na zile salamu za sokoni.

Wamarekani wengi hurudi kwao na habari kwamba watu wa Paris hawana adabu. Kila nikiisikia habari hiyo huuliza: dukani uliingiaje? Jibu huwa moja. Aliingia huku anatabasamu, akaenda moja kwa moja kwenye nyanya, akazishika, akauliza bei. Kwa hesabu za kwao hajamkosea mtu. Kwa hesabu za Paris ameshakosea mara tatu kabla hajatoa pesa. Hakusema "Bonjour, Madame", na bila maneno hayo muuzaji hana wajibu wowote kwake. Ameshika bidhaa ambayo mwenye duka ndiye huichagua na kuipima. Tena amemkenulia meno mtu asiyemjua. Sisi hapa hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa chati na vielelezo: aliyeingia nyumbani kwa watu bila hodi, hata angekuja na zawadi, ameharibu.

Raymonde Carroll, mwanaanthropolojia Mfaransa aliyeolewa na Mmarekani akafundisha Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka 1987 juu ya mikwaruzano ya namna hii. Kwa maelezo yake, Mfaransa huona kwamba mazungumzo yanafunga uhusiano, kwa hiyo asiyekujua hana sababu ya kuanza gumzo nawe kwenye foleni. Mmarekani atazungumza na jirani yake wa ndege mpaka amtajie maradhi ya mama mkwe, na wakishuka hakuna anayemdai mwenzake kitu. Huyu anaona kimya ni stara, yule anaona ni dharau. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Mgeni wa Kimarekani hupenya mpaka jikoni, hufungua friji, huuliza asaidie nini, naye anadhani anaonyesha upendo. Mwenyeji wa Kifaransa atakukalisha sebuleni, milango mingine yote imefungwa, na atashangaa ukiuliza kwa nini.

Mezani sheria huongezeka. Mikono yote miwili ionekane juu ya meza, ilhali Mmarekani aliyelelewa vizuri amefundishwa kuuficha wa kushoto mapajani. Uma hukaa kushoto, hauhamihami. Mmarekani hukata nyama, huweka kisu chini, huhamishia uma mkono wa kulia, ndipo hula. Wakati wa vita Julia Child aliitumikia OSS, idara ya ujasusi ya Marekani, akitunza mafaili huko Ceylon na Uchina, na idara hiyo hiyo iliwaonya majasusi wake waliopelekwa Ulaya kwamba kule kuhamisha uma kungetosha kuwafichua. Mtu afe kwa ajili ya uma! Mkate nao hauwekewi sahani yake. Hulazwa juu ya kitambaa cha meza na humegwa kwa mkono. Saladi huja baada ya nyama, jibini huja kabla ya kitamutamu. Mtu haulizwi anapata mshahara gani, na katika kizazi kile hata kumuuliza mliyejuana naye sasa hivi anafanya kazi gani kulihesabiwa kuwa ukosefu wa haya.

Je, hayo yote ni mapambo ya matajiri wa Paris? Laurence Wylie, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Marekani, alikwenda na mkewe na watoto wao wawili kukaa mwaka mzima, 1950 hadi 1951, katika kijiji cha Roussillon huko kusini, kisha mwaka 1957 akatoa kitabu ambamo alikificha kijiji hicho kwa jina la Peyrane. Kwa watoto wa wakulima aliona malezi yale yale: kumpa mkono mkubwa anayeingia, kutulia mezani, kujua mipaka iko wapi na kwamba haijadiliwi. Nakipenda kitabu hicho kwa sababu Wylie hakwenda kushangaa. Alikwenda na watoto wa kupeleka shule, na mzazi mwenye mtoto shuleni huuona mji upande ambao mtalii haoni.

Sasa turudi kwa kijana wa Harlem.

Wakati wa vita, alipokuwa akifanya kazi New Jersey, Baldwin aliingia mkahawa mmoja, na mhudumu akamwambia kwamba pale weusi hawahudumiwi. Alimrushia bilauri ya maji. Ilimkosa, ikavunja kioo cha ukutani, naye akatoka mbio kuokoa roho yake. Baadaye aliandika kwamba usiku ule alitambua mambo mawili: kwamba angeweza kuuawa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kuua.

Mtu wa namna hiyo akiketi Paris, mhudumu akamletea kahawa bila tabasamu na bila kumtazama mara mbili, atausema vipi ubaridi huo ambao mtalii wa Ohio anaulalamikia? Ataupumzikia. Kwa Julia, adabu za Kifaransa zilikuwa mlango wa kuingilia kwa watu. Kwa Baldwin zilikuwa ukuta wa kuwazuia watu wasimwingilie, na maisha yake yote hakuwahi kupewa ukuta. Siku aliyofika alipelekwa mkahawa wa Les Deux Magots, ambako Richard Wright, mwandishi mweusi aliyekwisha kuhamia Paris, alikuwa amekaa. Wright akamtafutia chumba katika hoteli ya bei nafuu. Tangu hapo Baldwin akawa anapanda ghorofani Café de Flore na madaftari ya riwaya yake ya kwanza, anaagiza kahawa, anaandika mpaka usiku, na hakuna anayemuuliza ataondoka lini.

Lakini kuachwa kuna pande mbili. Mtu anayeachwa aandike ataachwa pia alale njaa. Zile dola zilikwisha upesi, akakopa, akaugua. Aliyemuuguza hata akapona ni mwenye hoteli aliyokuwa akiishi wakati huo, mwanamke wa Corsica, na hilo Baldwin hakulisahau. Mwezi Desemba 1949 mtu waliyejuana New York alimpa shuka alilolichukua kwenye hoteli nyingine. La Baldwin mwenyewe lilikuwa chafu, akatandika hilo alilopewa. Polisi wakaja. Baldwin akatiwa pingu kwa kosa la kupokea mali ya wizi, akapelekwa gereza la Fresnes, akarudishwa mahabusu alipofika mahakamani bila mkalimani, akaipitisha Krismasi ndani, na kuachiwa tarehe 27 kwa msaada wa mwanasheria Mmarekani aliyemfahamu. Kisa cha shuka kiliposimuliwa, mahakama nzima ilicheka.

Katika insha aliyoitoa mwaka 1955 anasema kicheko kile kilimshtua kuliko pingu. Alikitambua. Alikuwa amekisikia kwao, kicheko cha watu walio mbali na mateso ya wenzao, na akaelewa kwamba kimeenea dunia nzima. Hapo ndipo Baldwin anapowaacha waandishi wenzake wa Kimarekani nyuma sana. Wengine waliikuta Ufaransa wakaipenda au wakaichukia. Yeye alikuta nchi ya watu wazima, yenye makarani, mihuri na mazoea, isiyomwona yeye kwa jema wala kwa baya, na akaacha kuidai imponye.

Niwarudishe nyuma kidogo, kwenye hesabu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza dola moja ilinunua faranga 5 na ushei. Kufikia Julai 1926 ilikaribia faranga 50. Tunaambiwa kizazi cha mwandishi Hemingway kilikwenda Paris kufuata sanaa. Sanaa ilikuwapo, sikatai, na marufuku ya pombe iliyoanza Marekani mwaka 1920 nayo iliwasukuma baharini wengi. Ila msanii chipukizi ambaye kwao New York angekula mara moja kwa siku, Paris alikula mara tatu na kumlipa mtu amfulie. Wenyeji walikuwa wanaziona akiba zao zikiyeyuka huku mgeni anasifu jinsi maisha yalivyo rahisi. Kiangazi cha 1926 mabasi ya watalii yalizomewa mitaani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Mwenyeji wa Paris mwaka ule alimwona mgeni ndiye anayepona.

Mwaka huo huo alifika A. J. Liebling, kijana wa New York aliyetumwa na baba yake asome Sorbonne, naye akasoma zaidi orodha za vyakula. Kitabu chake cha 1962 juu ya milo ya Paris, kwa maoni yangu, ndicho kilicho na akili kuliko vyote vilivyoandikwa na Wamarekani juu ya kula Ufaransa, kwa sababu kinautaja mfuko bila aibu. Hoja yake ni kwamba mlaji hufundishwa na pesa za kiasi. Fukara hula kinachojaza tumbo. Tajiri huagiza cha ghali, akajua pande za nyama za bei kubwa tu, na hafi na hamu ya kitu. Mwenye kiasi hulazimika kufikiri: nikichukua divai hii, nyama itakuwa ya namna gani? Akifikiri hivyo kwa mwaka, anajua kula. Liebling mwenyewe hakuishia kwenye kiasi. Alikula bila breki, akafa mwaka 1963 kabla ya kufikisha miaka 60. Hoja yake haikufa naye.

Kuna mmoja, lakini, aliyetangulia kwenda Paris kabla ya hawa wote, naye hakuwa na mfuko. Yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu.

Mwaka 1784 Thomas Jefferson alitumwa Paris kuiwakilisha nchi changa ya Marekani. Alimchukua mtumwa wake James Hemings, kijana wa miaka 19, ambaye pia alikuwa ndugu wa baba mmoja na marehemu mke wa Jefferson. Alimchukua akasomee upishi. Hemings alifunzwa na wapishi wa mjini, akapitia kwa mpishi wa mwanamfalme wa Condé, na kufikia 1787 alikuwa mpishi mkuu wa Hôtel de Langeac, nyumba ya Jefferson kwenye Champs-Élysées, kwa ujira wa livre 24 kwa mwezi. Katika ujira huo alimlipa mwalimu amfundishe Kifaransa. Sheria ya Ufaransa haikutambua utumwa ndani ya ardhi ya Ufaransa yenyewe, ingawa sukari ya mezani ilitoka kwa watumwa wa koloni lake la Saint-Domingue, na mtumwa aliyefika Paris angeweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Hemings hakwenda. Mwaka 1789 alirudi Marekani na bwana wake.

Mwaka 1793 Jefferson alitia saini hati: utakuwa huru utakapokuwa umemfundisha mwingine upishi huu. Mwingine huyo akawa mdogo wake Hemings, Peter. Uhuru ukaja mwaka 1796. Kabla ya kuondoka Monticello, shamba la Jefferson, Hemings aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vya jikoni, sufuria za shaba na vikaango, kimoja baada ya kingine, kwa mwandiko safi. Orodha hiyo ipo mpaka leo. Mwaka 1801 Jefferson, sasa rais, alimtaka awe mpishi wake Washington, naye hakwenda; mwaka huo huo alijiua Baltimore. Alikuwa na miaka 36, umri ule ule wa Julia Child siku aliposhuka Le Havre. Julia ametuachia zaidi ya kurasa 700. Mtu aliyeujua upishi wa Kifaransa zaidi ya miaka 150 kabla yake ametuachia hesabu ya sufuria.

Sasa kuhusu ule ukuta uliompumzisha Baldwin. Haukujengewa kila mtu. Miongoni mwa wafungwa aliokaa nao walikuwa Waafrika Kaskazini, na hao hawakuwa na mwanasheria Mmarekani. Mmarekani mweusi wa Paris, hata akiwa hana kitu, alikuwa na pasipoti ya nchi iliyokuwa ikiijenga upya Ulaya kwa fedha zake. Mwalgeria alikuwa na vitambulisho ambavyo polisi walivitaka kila kona. William Gardner Smith, mwandishi wa habari kutoka Philadelphia aliyehamia Paris mwaka 1951 na kufanya kazi katika shirika la habari la AFP, aliliona hilo na kuliandikia riwaya, The Stone Face, iliyotoka mwaka 1963. Mhusika wake mkuu ni Mmarekani mweusi anayeufurahia uhuru wa Paris, mpaka Waalgeria wanamuuliza anajisikiaje kuwa mzungu. Riwaya inafika kwenye usiku wa tarehe 17 Oktoba 1961, polisi wa Paris walipowaua waandamanaji wa Kialgeria na kuwatupa wengine mtoni Seine. Sijui kitabu kingine cha Mmarekani wa Paris kinachothubutu kuvuruga raha yake mwenyewe kiasi hicho. Hakikupata wasomaji wengi, na sababu yake haihitaji utafiti.

Nisiwaache katika giza hilo, kwa kuwa walikuwapo pia waliokuja na vyakula vyao. Leroy Haynes, askari mweusi wa Marekani aliyebaki Ulaya baada ya vita, alifungua mkahawa Paris mwaka 1949 pamoja na mkewe Mfaransa. Alipika kuku wa kukaanga, mbavu, utumbo wa nguruwe, mapishi ya weusi wa kusini mwa Marekani. Baldwin alikula hapo, na Wafaransa walijipanga. Mkahawa ulihamia rue Clauzel na kudumu hadi 2009. Katika hadithi zote za Mmarekani na chakula Ufaransa, hii huwa inapewa mistari miwili, na mimi nimeipa mitano.

Ninalo jambo moja la kuwalaumu waandishi hawa wa Kimarekani. Wanaipenda Ufaransa isiyokua. Soko kuu la Les Halles lilipohamishiwa Rungis mwaka 1969, vilio vya Wamarekani vilisikika kuliko vya wabeba mizigo waliokuwa wakikesha humo na panya. Mkulima José Bové na wenzake walipobomoa mkahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa Millau, Agosti 1999, Marekani ilisomwa kuwa ni Mfaransa anaitetea jibini yake. Kweli ilikuwamo jibini: Marekani ilikuwa imeipandishia Roquefort ushuru kwa asilimia 100 kulipiza kisasi kwa Ulaya iliyokataa nyama yake ya ng'ombe waliopewa homoni. Lakini Ufaransa hiyo hiyo ni miongoni mwa masoko makubwa ya McDonald's nje ya Marekani. Kijana wa Lyon hula baga saa saba na jibini ya bibi yake Jumapili, wala haoni ajabu.

Na mkate, ule ambao kila Mmarekani huurudia kwa machozi? Kufikia miaka ya 1980 baguette nyingi za Paris zilikuwa pamba tupu, unga uliotiwa dawa na kukandwa haraka haraka na mashine. Ilibidi serikali itoe amri tarehe 13 Septemba 1993 kwamba mkate unaoitwa wa mapokeo ya Kifaransa usigandishwe wala usitiwe viongezo. Mmoja wa waliojua undani wa habari hiyo kuliko Wafaransa wengi ni Mmarekani, Steven Kaplan, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeandika juu ya waokaji wa karne ya 18 na baadaye akatoa kitabu cha kuzipanga kwa ubora tanuri za mikate za Paris. Julia naye aliwahi kuhangaika na mkate huo. Yeye na Paul waliuoka na kuutupa mara nyingi, kwa unga wa Kimarekani na oveni ya nyumbani, mpaka Raymond Calvel, bingwa wa mkate wa Kifaransa, alipowaonyesha. Maelezo yake yakachukua kurasa nyingi za juzuu ya pili ya kitabu cha Julia, ya mwaka 1970. Mwenyeji wa Paris hafanyi upuuzi huo. Huteremka ngazi akanunua.

Ananunua kwa nani? Tangu miaka ya 1990 Jiji la Paris huendesha shindano la baguette bora kila mwaka, na mshindi huuza mkate wake ikulu ya Élysée kwa mwaka mmoja. Mwaka 2010, na tena 2015, alishinda Djibril Bodian, mzaliwa wa Senegali, mtoto wa mwoka mikate. Mwaka 2021 alishinda Makram Akrout, mzaliwa wa Tunisia. Mwaka 2023 alishinda Tharshan Selvarajah, mzaliwa wa Sri Lanka, kisiwa kile kile kilichoitwa Ceylon wakati Julia alipokuwa akitunza mafaili ya kijasusi na kukutana na Paul. Nyuma ya milango ya jikoni za migahawa ya Paris wamejaa watu wa Mali na Senegali. Mwaka 2008 mamia ya waliokuwa hawana vibali waligoma, na baadhi ya migahawa ikagundua siku hiyo ni nani aliyekuwa akipika vyakula vyake vya Kifaransa. Wenzetu wa Kongo mtawakuta mtaa wa Château Rouge, Paris hiyo hiyo, wakinunua sombe na kubishana bei kwa lugha mtakayoielewa.

Wao hawajaandika vitabu juu ya adabu za Wafaransa, au wameandika na hakuna aliyewachapia. Ningependa kusoma cha Bodian, hasa sura itakayoeleza ni wateja gani husema "Bonjour" wanapoingia. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitapokea maswali, tukianza na dada pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja utumbo.